Shangazi na Ndege ya Debe

Kwa miaka yote aliyokuwa kazini, shangazi yangu hakuonekana, alisikika tu. Alikuwa mtangazaji wa kiwanja cha ndege, yule mwanamke asiyejulikana na mtu, anayewaambia abiria mlango gani umefunguliwa na ndege ipi imechelewa. Alikaa ghorofani ndani ya kijichumba cha vioo, kipaza sauti mbele yake na kikombe cha maji ya uvuguvugu pembeni, na sauti yake ikawashukia watu kule chini laini kabisa. Waliosinzia kwenye viti walifumbua macho wakitabasamu, ndipo baadaye kidogo wakaelewa kwamba wameambiwa ndege yao haiondoki hadi kesho.

Nyumbani kwetu, alikokuwa akiishi chumba cha mbele, sauti ile hakuivua kama watu wanavyovua sare za kazi.

"Tafadhali sikilizeni," angesema kutoka jikoni. "Chakula cha jioni sasa kiko tayari. Wote mnaombwa kunawa mikono na kuelekea mezani."

"Mlango namba ngapi, dada?" angeuliza baba yangu, ambaye ni mdogo wake, bila kuinua macho kwenye gazeti.

Mama ndiye aliyembandika jina la Tangazo. Mama na Shangazi ni mawifi, na uwifi wao ulikuwa wa kuchokozana tangu asubuhi hadi taa zizimwe. Kama ingepita siku nzima hawajataniana, Baba angewapima joto.

Kisha Shangazi akastaafu. Kiwanja kilimuaga kwa keki na saa ya ukutani, na mahali pake ikawekwa mashine yenye sauti ya mtu asiyejua pa kuvuta pumzi. Miezi ya mwanzo alijifanya amepumzika. Alimwagilia maua ambayo Mama alikuwa ameshayamwagilia. Alipanga vijiko vyote vielekee upande mmoja. Na kitu kilichotutia wasiwasi zaidi, akaanza kutuita kula kwa kusema tu, "Njooni mle," kama watu wengine.

Hapa lazima niseme jambo moja ambalo yeye mwenyewe hulisimulia akicheka, lakini hacheki sana. Katika maisha yake yote pale kiwanjani alipanda ndege mara moja tu, kwa tiketi aliyozawadiwa kwa utumishi mrefu. Akapewa kiti cha kati. Bwana aliyekaa dirishani alishusha pazia kabla hata ndege haijasogea, akalala mdomo wazi hadi walipotua. Shangazi hakuona wingu hata moja. Mtu aliyewaambia maelfu ya watu wainuke, wapange foleni na waende huku, si kule, alishindwa kumwambia mtu mmoja, "Samahani, ndugu, fungua pazia."

Basi siku moja nikamkuta ameinamia simu yangu, anatazama video ya mzee mmoja aliyekuwa dereva wa basi. Mzee amekaa sebuleni kwake na kaptura na soksi, mbele yake kompyuta, mkononi usukani mdogo, na kwenye skrini kuna ndege kubwa inapaa kutoka mjini kuelekea baharini. Shangazi aliirudia ile video mpaka chaji ikaisha.

"Huu ni mchezo?" aliniuliza.

"Ni mchezo, Shangazi, lakini wanasema marubani wenyewe hujifunzia vitu vya namna hii."

"Na dirisha ni la nani?"

Sikumwelewa.

"Dirisha," alisema, akigonga skrini ya simu. "Ni la huyu mzee peke yake?"

"Ni lake peke yake."

Jioni ile tukasikia kutoka jikoni, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi: "Tafadhali sikilizeni." Baba aliweka gazeti chini. "Huyu anayewatangazia anakusudia kuunda kompyuta. Kwa mikono yake. Wenye maoni wanaombwa kuyatoa sasa."

Mama alikuwa na maoni.

"Wifi, watu wa umri wako wanafuma vitambaa."

"Nitakufumia kimoja uzibie mdomo."

"Kwa nini usinunue iliyokwisha kuundwa? Hata mimi nataka kiti, lakini siendi kukata mti."

Shangazi alifikiri kidogo. "Maisha yangu yote nimekaa nyuma ya kioo natangaza vitu ambavyo sikuvigusa," alisema. "Hiki nataka nikiguse chote, ndani na nje."

Mama akaenda kutafuta mkoba ili amsindikize dukani. "Mtu asije akamuuzia friji," alinieleza.

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, na harufu ya ngozi ilipanda nasi ngazi zote. Mwenye duka, baba mmoja wa makamo mwenye miwani aliyoipandisha kipajini, alimsikiliza Shangazi kwa adabu. Shangazi alikuwa amesoma na kutazama mafundisho kwa wiki kadhaa, na alijua kuagiza: prosesa hii, ramu hii, kadi ya picha ya kutosha kuonyesha mawingu.

"Mawingu ya kawaida au ya mvua?" aliuliza mwenye duka.

"Yote," alisema Shangazi. "Sitaki kubaguliwa."

Vitu hivyo vilikula karibu akiba yote aliyoitenga, kwa hiyo walipofika kwenye kasha la kuvitia ndani ikabidi kubana. Mwenye duka alianza kwa kuwasha kasha moja la vioo lililometameta rangi zote, nyekundu, buluu, zambarau, zikikimbizana kama ukumbi wa harusi.

"Hili zuri," alisema Mama. "Ndege ikianguka tutaiona."

"Nionyeshe la bei ya chini," alisema Shangazi.

Mwenye duka aliinama chini ya meza, akapiga chafya kwa vumbi, akainuka na kasha jeusi la kimo cha kati, si refu si fupi, lenye feni moja nyuma na ubavu wa plastiki ya kuonea ndani. Mama aliligonga kwa vifundo vya vidole, kama anavyogonga tikiti maji sokoni. Likaitika *deng*.

"Wifi, hili debe."

"Ni kasha la kompyuta, mama," alisema mwenye duka kwa unyonge. "Bati lake ni jembamba kidogo, lakini ni kasha."

"Nimepikia watu wa harusi kwenye debe zito kuliko hili."

Kuanzia hapo halikuitwa jina jingine. Shangazi alilikumbatia Debe ngazi zote za kushukia, akakataa kusaidiwa, na njiani aliwasalimia watu kwa kichwa kama mtu aliyebeba mtoto.

Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi, meza ya kulia ilitandikwa kitambaa safi. Shangazi alivaa miwani, akakaza kilemba, akapanga bisibisi kwa ukubwa. Baba alihamia kwenye kiti cha pembeni na bakuli la karanga. Mama alisema yeye ana kazi zake na hana muda wa maonyesho, kisha akaleta mchele wa kuchagua akauchagulia hapohapo, mahali pa kuona vizuri.

"Tafadhali sikilizeni," alianza Shangazi. "Tunaanza na bodi mama."

"Bodi baba iko wapi?" aliuliza Mama.

"Amekaa pembeni anakula karanga."

Nitawatendea haki wote wawili nikisema kwamba saa za mwanzo zilikwenda vizuri. Prosesa iliketi mahali pake juu ya bodi mama bila ubishi. Feni yake ikafuata. Ramu zilikataa kidogo. Shangazi alizibembeleza kwa vidole viwili, hakuna. Akazikandamiza kwa gumba hadi zikalia *tak*, na yeye akaruka nyuma akidhani amevunja kitu. Kisha akaligeukia Debe. Wenye kutengeneza makasha ya gharama husugua kingo za bati hadi zinakuwa laini; waliotengeneza Debe walikuwa na haraka. Mara tu Shangazi alipoingiza mkono, lilimchanja kidole.

"Limekuonja," alisema Mama, na tayari alikuwa ameshika pamba na plasta. Nilishangaa, kwa sababu sikumwona akienda kuzichukua. Baadaye niligundua alikuwa nazo mfukoni mwa aproni tangu asubuhi.

Bodi mama ikaingizwa ndani, ikapangwa, ikafungwa skrubu zote, kila moja ikikazwa kwa kituo. Shangazi alinyoosha mgongo akatangaza kwamba sehemu ngumu imekamilika.

"Wifi," alisema Mama, "na hiki cha kukunia karoti ni cha nani?"

Alikuwa ameinua kibati chembamba chenye matundu ya mraba na ya duara. Shangazi alikitazama. Akatazama nyuma ya Debe, mahali palipokuwa na uwazi mkubwa wa mstatili. Kile kilikuwa kibati cha kuzungukia matundu ya nyaya, na kilitakiwa kuwekwa kabla ya bodi mama, si baada yake.

 Alichukua bisibisi akaanza kufungua skrubu zote alizokuwa amezifunga.

"Ndugu abiria," alisema Mama, akiiga sauti ya wifi yake kwa pua, "tunasikitika kuwatangazia kwamba ndege imerudi ilikotoka kwa sababu rubani amesahau mlango."

Baba alikohoa karanga. Shangazi alijitahidi kukunja uso, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika, na mwishowe ikabidi aweke bisibisi chini acheke hadi afute miwani. Kati ya kicheko hicho skrubu moja ikamponyoka, ikaingia kwenye tumbo la Debe. Walilipindua, walilitikisa, na Debe likapiga kelele kama kibuyu cha ngoma, mpaka skrubu ikatokea tundu ambalo hakuna aliyejua lipo.

Mchana ikafika zamu ya nyaya ndogo. Mtu asiyewahi kuunda kompyuta hawezi kujua uchungu wa zile nyaya. Ni nyembamba, zinatoka kwenye kitufe cha kuwashia, na kila moja ina kichwa kidogo chenye herufi ndogo zisizosomeka ila na mwenye macho ya mwewe. Zinapaswa kuchomekwa kwenye vipini vidogo vilivyojificha pembeni kabisa mwa bodi mama, na ukikosea unaanza upya. Shangazi alijaribu na miwani. Akajaribu bila miwani. Akajaribu kunishikisha tochi, akaniambia ninaitikisa, nikaishika kwa mikono miwili, akasema sasa nampumulia.

Mama, ambaye kwa miaka mingi ametunga shanga na kutia uzi kwenye sindano kwa mwanga wa dirisha la jikoni, alistahimili kadiri alivyoweza. Kisha akausukuma ungo wa mchele.

"Pisha, wifi. Niambie tu kipi kinakwenda wapi."

"Usije ukavunja."

"Nimevalisha watu vifungo vya lulu ukumbini saa ya kuitwa imefika. Pisha."

Shangazi akashika kijitabu cha maelekezo akasoma, Mama akachomeka. Waya wa kuwashia, tik. Waya wa taa, tik. Hakuuliza mara mbili. Walikuwa wameinamia Debe vichwa vikigusana, na kwa muda wa kutosha hakuna hata mmoja aliyemtania mwenzake. Baba alinitazama, akainua nyusi, akarudi kwenye karanga.

Ilibaki kadi ya picha. Shangazi aliifungua kwenye karatasi yake kwa heshima, maana ndiyo iliyobeba mawingu, akaipeleka mahali pake. Haikuingia. Aliigeuza, akaisukuma polepole kwa pembe nyingine. Nusu yake ilikaa, nusu ikagonga kijikabati cha bati kilichokuwa ndani ya Debe, cha kuwekea diski za zamani ambazo Shangazi hakuwa nazo wala hakuzihitaji. Kadi ilikuwa ndefu kuliko nafasi kwa upana wa vidole viwili.

"Si tulipima?" niliuliza.

"Tulipima bei," alisema Mama.

Kwenye makasha ya hadhi, kijikabati kile hufunguliwa kwa skrubu kikatoka. Kwenye Debe kilikuwa kimepigwa ribiti za moja kwa moja, kama sufuria na mshikio wake. Shangazi aliketi. Kitambaa cha meza kilikuwa kimejaa mifuko ya nailoni na vipande vya plastiki, na uso wake ulikuwa umepata ile hali ya miezi ya maua kumwagiliwa mara mbili. "Basi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Labda niirudishe kadi. Nichukue ndogo. Mawingu hata yakiwa machache."

Hapo ndipo Baba alipoinuka. Mtu aliyekuwa amekaa tangu asubuhi akapangusa maganda kwenye suruali, akatoka nje, akarudi na drili yake ya kazi. Baba ni fundi bomba. Kutoboa bati kwake ni kama kufungua mlango.

"Toa kila kitu humo ndani, dada," alisema. "Vumbi la chuma likiangukia bodi yako, tutalia wote."

"Kila kitu? Tena?"

"Mpaka liwe debe kwelikweli."

Skrubu zikafunguliwa tena. Bodi mama ikatoka, nyaya za Mama zikachomolewa, na Mama akasema kazi yake ya sanaa imeharibiwa na watu wasiojua thamani. Debe likabebwa uani. Baba alitoboa ribiti moja baada ya nyingine, jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama tunachimba kisima, na kijikabati kikaanguka chini kwa mlio wa sahani. Walilifuta ndani kwa brashi ya rangi na kitambaa kikavu hadi hakukusalia unga wowote. Kisha wakarudi mezani kuanza upya, na mara hii kibati cha kukunia karoti kiliwekwa kwanza, na mikono ilijua njia. Kadi ya picha iliingia moja kwa moja.

Jua lilikuwa bado halijazama waya wa skrini ulipochomekwa nyuma ya Debe, na wa umeme ukutani. Shangazi alisimama wima. "Tafadhali sikilizeni," alisema, akabonyeza kitufe.

Kimya. Hata feni haikujikuna.

Alibonyeza tena.  Baba alizunguka nyuma akatazama, kisha akanyoosha kidole kimoja akabonyeza swichi ndogo ya pawa saplai, kile kisanduku cha kupitishia umeme, ambayo hakuna aliyekuwa ameiwasha. Shangazi akabonyeza kitufe mara ya tatu, na Debe likavuta pumzi. Feni ikazunguka, taa moja ya buluu ikawaka ubavuni, na sisi tukapiga makofi kama wajinga.

Lakini skrini ilibaki nyeusi. Maandishi madogo yalipita katikati yakisema hakuna picha inayoingia, kisha nayo yakazimika. Tukangoja. Tukazima, tukawasha. Shangazi alizichomoa ramu akazirudisha, akakagua kila waya aliokuwa ameuchomeka na ambao hakuuchomeka. Feni ilizunguka kwa furaha yake, na skrini ilikuwa giza tupu.

"Pazia limeshushwa," alisema hatimaye. Alizima, akakunja kitambaa cha miwani, akaenda chumbani kwake. Hatukusikia tangazo lolote la chakula jioni ile. Mama ndiye aliyempelekea sahani, na alipotoka hakumtania hata kidogo, ikawa ndio ushahidi kwamba mambo ni mabaya.

Jumapili Shangazi alitoka kwenda kumwona rafiki yake wa zamani wa kazini. Alituambia Debe lisogezwe kwenye kona, atalipandia maua. Mama alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza. Nilikuwa sebuleni nikipiga pasi, kwa hiyo nilishuhudia kila kitu. Alipangusa mbele ya Debe. Akapangusa juu. Akaligeuza apanguse nyuma, akasimama.

"Hebu njoo," aliniita. "Waya wa skrini umechomekwa wapi?"

Nikamwonyesha, tundu la juu, la bodi mama, karibu na kile kibati.

"Na hili la huku chini je? Si lilelile?"

Huko chini, kwenye kadi ya picha yenyewe, lilikuwepo tundu la umbo lilelile kabisa, limezibwa kifuniko kidogo cheusi cha plastiki ambacho jana hakuna aliyekitilia maanani. Mama alikibandua kwa kucha. Alisimama na ule waya mkononi kama mtu anayefikiria kufungua barua ya jirani. Kisha akauchomeka, akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe.

Skrini ikawaka.

Sijawahi kumwona Mama akikimbia ndani ya nyumba. Alikimbia hadi dirishani, akamwona Shangazi anakuja barabarani na mwavuli wake, akafungua kioo, akavuta pumzi ndefu. Aliyoyatoa yalikuwa yamekusudiwa yawe dhihaka. Lakini miaka yote ya kumsikiliza yule mwanamke ilikuwa imemwingia, na sauti ilitoka laini, imenyooka, hata mwenye kuuza magazeti ng'ambo ya pili aligeuka.

"Tafadhali sikilizeni. Hili ni tangazo kwa abiria mmoja tu, mwenye mwavuli wa kijani. Ndege yako iko tayari. Unaombwa kufika bila kuchelewa, na viatu uvulie mlangoni, nimepiga deki."

Shangazi alisimama katikati ya njia. Mwavuli ukamwinamia bega. Kisha akaja, si kwa kukimbia, maana hakimbii, ila kwa ile hatua ya abiria anayesikia jina lake likiitwa mara ya mwisho.

Hakulia alipoiona skrini. Alimwangalia wifi yake. "Ulikuwa wapi jana?" aliuliza.

"Nilikuwa nakuheshimu. Sirudii tena."

Ningependa kusema kwamba aliruka siku ileile kama ndege wa angani. Ukweli ni kwamba aliangusha ndege kiasi cha kumaliza shirika zima. Aliiingiza kwenye uzio wa kiwanja. Aliitumbukiza ziwani. Moja aliigeuza kichwa chini akadumu hivyo muda mrefu, akisisitiza kwamba ni skrini iliyokosea. Kila ajali Baba aliuliza kama mizigo imeokolewa. Lakini kabla ya kila safari aliwatangazia abiria wasiokuwapo, kwa sauti yake yote, na hakuna aliyewahi kupeleka watu ziwani kwa adabu nzuri namna ile.

Jioni moja hatimaye akapaa vizuri. Ardhi ikaondoka chini, nyumba zikawa ndogo, akaingia ndani ya wingu jeupe, akatokea juu yake, na huko juu kulikuwa na jua.  Aliachilia mkono mmoja kwenye usukani wake mdogo, mfano wa ule wa yule dereva wa basi, akaugusisha kioo cha skrini kwa ncha za vidole, na sisi sote nyuma yake tukaona heri tutazame vitu vingine. Baba alitazama dari.

Siku hizi huruka takriban kila jioni, kwa kufuata safari alizokuwa akizitangaza. Anajua majina ya miji yote, na sasa anajua pia rangi za mapaa yake. Mama, ambaye hana muda wa maonyesho, huketi kiti cha kando yake na mkoba juu ya mapaja, kwa sababu hapendi kuacha mkoba sakafuni mahali pa wageni wengi. Husema ndege inakwenda kasi mno. Husema rubani apunguze kona, ana chai mkononi.

Juzi alitaka tupitishwe juu ya mtaa wetu. Shangazi alikata kona, akashusha ndege hadi tukaziona barabara. Tukaifuata ile kubwa, tukapita daraja, tukapita soko, kila kitu mahali pake. Mama alikuwa amesogea hadi pua inakaribia skrini.

"Haya, kata hapo kwenye mzunguko. Sawa. Sasa tuko wapi?"

"Nyumbani," alisema Shangazi.

Chini yetu palikuwa na dimbwi. Dimbwi zuri, la duara, lenye majani pembeni, na hakuna nyumba hata moja.

"Zunguka tena," alisema Mama.

Shangazi akazunguka tena. Dimbwi lilikuwapo.

"Nyumba yangu iko wapi? Kamba yangu ya kuanikia nguo iko wapi? Wifi, tua!"

"Nitatuaje juu ya maji?"

"Juzi si ulitua ziwani bila kuombwa? Tua, nikawaulize hao waliochora mchezo!"

"Ndugu abiria," alisema Shangazi, akiinua pua ya ndege kuelekea mawinguni huku mabega yakimtikisika, "tunawaomba mbaki mmeketi, na mikanda iwe imefungwa."

Mama aliendelea kulalamika mpaka tukapita milima ya kaskazini. Lakini niliona ameukamata mkoba kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameshika mkono wa kiti, kama mtu anayeruka kwelikweli.